Chupa ya jani la kijani na plagi zangu nne

Fundi alifungua plagi ya kwanza, akaipitisha kidole, kidole kikatoka chekundu. Haukuwa weusi wa masizi niliouzoea. Ulikuwa wekundu wa vumbi la tofali la kuchoma. Akaniangalia kwa jicho la nesi anayetaka kuuliza jambo la aibu.

"Mama, humu umeweka nini?"

Nilikuwa nimeweka dawa ya petroli. Chupa mbili, kila moja na tangi lake, kama maelekezo yalivyosema. Ya tatu ilikuwa bado kwenye buti, nimeiviringisha gazeti. Naandika haya kwa sababu chupa hiyo naiona karibu kila duka la spea ninaloingia hapa Dar, na kwa sababu nimefanya kazi ya kupima maji maabara kwa miaka 31, kwa hiyo kosa la kuinunua sina wa kumsingizia.

Gari lenyewe ni Toyota IST ya 2004, injini ya cc 1,300. Halina makuu. Linanitoa Segerea kunipeleka Kariakoo, linawapeleka wajukuu shule, Jumapili kanisani. Tangu mwanzo wa mwaka lilikuwa na tabia moja: likisimama kwenye taa, injini inatetemeka mpaka rozari niliyoitundika kwenye kioo inacheza ngoma. Ukikwama Buguruni saa kumi na mbili jioni, bajaji kulia, daladala kushoto, gari linakutikisa hivyo, unajiona kama umekalia mashine ya kusaga.

Nilienda Gerezani, mtaa wa maduka ya spea, kutafuta filta ya hewa. Kijana wa dukani akanipa shikamoo ya mbio mbio, akanisikiliza nusu dakika, akanyoosha mkono rafuni. "Filta sawa mama yangu, ila ugonjwa wako dawa yake ni hii. Inasafisha injini mpaka moshi. Chukua tatu nikufanyie elfu thelathini." Moja ilikuwa 12,000. Nikachukua tatu. Foleni inamfanya mtu awe mwepesi wa kuamini.

Lebo yake ina jani la kijani, tone la maji la bluu, na bomba la egzosi linalotoa maua. Maua! Inaahidi kupandisha okteni, yaani uwezo wa petroli kutogonga ndani ya injini, kuokoa mafuta na kulinda hewa. Niligeuza chupa pande zote nitafute kilichomo. Hakuna. Anwani ya mtengenezaji, hakuna. Kuna onyo kwamba watoto wasiguse, na tarehe ya mwisho iliyofutika nusu. Kwetu maabara chupa ya namna hiyo ikikutwa mezani, aliyeiacha anaitwa ofisini. Mimi nikaimimina kwenye tangi.

Tangi la kwanza sikuona badiliko lolote. Tangi la pili niliona: asubuhi gari likawa linawaka kwa kukohoa, na kupanda daraja la Mfugale pale Tazara likaanza kumisi. Kabla sijafika Vingunguti taa ya injini ikawaka.

Fundi wangu ni kijana wa Tabata, gereji yake iko chini ya mwembe. Swali lake la kwanza lilikuwa kama nimejaza petroli iliyochakachuliwa, kwa sababu mji huu umewahi kuumwa ugonjwa huo sana. Wakubwa wenzangu wanakumbuka miaka ile mafuta ya taa yalipokuwa yanachanganywa kwenye petroli na dizeli, mpaka EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili yanayochanganywa yajulikane. Nikamwambia najaza sheli moja tu, pampu ile ile, mwaka wa tatu huu. Ndipo akafungua plagi.

Ule wekundu una maelezo. Dawa nyingi za bei ndogo za kupandisha okteni zina madini ndani yake. Zipo zenye chuma, kemikali yake inaitwa ferosini, na zipo zenye manganizi, zinazojulikana kwa herufi MMT. Petroli ikiungua, madini hayaungui yakaisha, yanabaki kama vumbi la kutu. Likitua kwenye kaure ya plagi, umeme unapata njia ya mkato, unapita juu ya kutu badala ya kuruka kwenye ncha, na silinda inakosa cheche. Hapo ndipo gari linapomisi. Mashine ya kupima madini sina tena, niliiacha kazini, lakini kwa rangi ile dau langu ningeliweka kwenye chuma.

Na okteni yenyewe sikuihitaji. IST ilitengenezwa kunywa petroli ya kawaida ya Japani, si ile ya okteni ya juu. Kuiongezea okteni ni kama kumpa mtoto wa chekechea miwani ya kusomea ya babu yake.

Fundi akalala chini akachungulia mpaka kwenye masega, kile kisafisha moshi kilichomo kwenye bomba la egzosi. Akainuka akijipangusa mgongo, akasema nishukuru Mungu, masega bado yapo na hayajaziba. Wengi wanaoleta magari kwake hawana. Yameshakatwa na kuuzwa kwa ajili ya madini ya thamani yaliyomo, platinamu na paladiamu na rodiamu, na mahali pake pamechomelewa bomba tupu. Sikuwa nimewahi kulitazama jambo hili namna hiyo. Masega ndiyo yanayofanya ile kazi inayoahidiwa na lebo: kaboni monoksaidi, ile hewa inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani, inatoka ikiwa kaboni dioksaidi; petroli ambayo haikuungua inamaliziwa humo. Mtu anauza masega, halafu ananunua chupa yenye picha ya maua.

Tone la maji kwenye ile lebo ndilo lililonichekesha kuliko yote, maana hewa na maji kwenye mambo ya petroli vimewahi kugombana vibaya, na sisi wa maabara ya maji kisa hicho tulikuwa tunafundishana kama wengine wanavyofundishana methali.

Dawa za petroli hazikuanza jana. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi General Motors, aligundua kwamba madini ya risasi yakichanganywa kwenye petroli injini inaacha kugonga. Dunia ikaipenda. Ikachukua miongo mingi kukubaliana kwamba risasi ile ilikuwa inatoka kwenye egzosi na kuingia kwenye damu za watoto. Nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana nayo ilipofika 2006. Nchi ya mwisho kabisa duniani kuacha kuiuza kwa ajili ya magari ilikuwa Algeria, 2021. Juzi tu hapo.

Risasi ilipoanza kuondolewa, ilibidi kitafutwe kitu kingine cha kupandisha okteni. Marekani wakashika kimiminika kinachoitwa MTBE. Kina oksijeni ndani yake, kwa hiyo petroli inaungua vizuri zaidi na kaboni monoksaidi inapungua, hasa kwenye magari ya zamani ya kabureta. Sheria yao ya hewa ya 1990 ikataka petroli ya miji yenye hewa mbaya zaidi iwe na oksijeni asilimia 2 kwa uzito. Kwa MTBE hiyo ni kama asilimia 11 ya ujazo. Yaani kwenye tangi la lita 45 kama langu, karibu lita 5. Hiyo si dawa tena, ni kiungo cha mboga. Na kwenye hewa ilisaidia, hilo siwanyimi.

Shida ikaja kutoka chini. Matangi ya sheli yanafukiwa ardhini, na tangi la chuma likikaa sana linatoboka. Petroli ya kawaida ikivuja, sehemu kubwa inang'ang'ania udongo, na vijidudu vya ardhini vinaila polepole. MTBE haing'ang'anii kitu. Inapenda maji. Lita moja ya maji inaweza kuyeyusha MTBE safi kama gramu 50, wakati benzeni, ambayo ndiyo sumu tuliyozoea kuifuatilia, haifiki gramu 2. Vijidudu navyo vinaila kwa kusuasua. Kwa hiyo maji yanapokwenda, nayo inakwenda. Mji wa Santa Monica, California, waliikuta kwenye visima vyao mwaka 1995, na mwaka uliofuata visima vikafungwa. Walipoteza karibu nusu ya maji ya mji. Kiasi kidogo sana kinatosha kuharibu ladha: mikrogramu 20 hadi 40 kwenye lita moja, na pua kali zinaisikia hata chini ya hapo. Maji yananuka kama tapentaini. Gavana Gray Davis akaamuru mwaka 1999 kwamba iondolewe kwenye petroli ya jimbo lake, na kufikia mwisho wa 2003 ikawa imeondoka. Wakahamia kwenye ethanoli, ambayo vijidudu vinaifurahia kama wanywaji wanavyofurahia mbege, ingawa nayo vikiishughulikia vinamaliza oksijeni ya ardhini na benzeni iliyoko jirani inachelewa kuliwa. Kila dawa na gharama yake.

Tena wakati huo magari yenye sensa ya oksijeni yalikuwa yameshajaa barabarani. Sensa inanusa moshi, kompyuta inaongeza au kupunguza petroli yenyewe. Gari kama IST yangu ukiliongezea oksijeni kwenye mafuta, linarekebisha kipimo linaendelea na safari. Faida kubwa ilikuwa kwa magari ambayo kila mwaka yalizidi kupungua.

Niliyafikiria yote hayo nikiwa nimekaa kwenye kigoda pale gereji, nasubiri plagi mpya ziletwe na bodaboda. Mara nikaona kijana anayejifunza kazi amebeba kopo la petroli aliyooshea nozeli, vile vinyunyizio vya petroli, za gari la mtu mwingine. Akaenda hatua tano, akaimwaga chini. Mchanga ukainywa papo hapo. Hatua kumi mbele ya pale alipomwaga kuna kisima cha pampu, na mama mwenye kisima anauza maji kwa ndoo kwa mtaa mzima siku bomba likikauka.

"Mwanangu," nikamwambia, "unamwaga pale wanapochota?"

"Hiyo inapaa tu, mama. Ukirudi baada ya dakika tano huikuti."

Nusu ana haki. Sehemu kubwa inapaa kweli, inaingia hewani na puani kwetu. Nikamwomba chupa tupu ya soda, ile ya plastiki nyeupe. Nikaijaza maji hadi robo tatu, nikaongeza petroli kidogo, kama vijiko vinne, nikafunga na kutikisa, nikaisimamisha juu ya tairi. Baada ya dakika petroli ikapanda juu, maji yakakaa chini, meupe pe, ungeweza kusoma gazeti kupitia pale. Nikatoboa tundu chini kwa msumari, nikakinga maji kidogo kwenye kifuniko, nikampa.

Akanusa. Akarudisha kichwa nyuma. Akanusa tena kama haamini.

"Yananuka petroli. Lakini petroli yenyewe siioni."

Basi hapo ndipo ilipo. Mafuta yanayoelea kila mtu anayaona na kuyakataa. Yaliyoyeyuka yanaingia kwenye ndoo yakiwa masafi kwa macho. Na ardhi yetu ya Dar sehemu nyingi ni mchanga, unachuja takataka vizuri lakini kilichoyeyuka haukizuii. Nilipiga kelele kidogo kuliko nilivyokusudia, maana fundi alikuwa anacheka. Ila safari iliyofuata nilikuta dumu la lita 20 limewekwa pembeni ya mwembe, limeandikwa kwa chaki MAFUTA MACHAFU. Chaki imeshaanza kufutika.

Sasa dawa ya pili, maana hii ni tathmini ya dawa na si hotuba.

Fundi aliniambia kwamba mtetemeko wangu wa mwanzo huenda ulitoka kwenye nozeli zilizoziba, na kwamba dawa za kusafisha nozeli zipo zinazofanya kazi, ila si za bei ile. Nilinunua Shekilango, duka la mama mmoja mwenye subira. 38,000. Lebo yake haina jani wala ua. Ina orodha ya vilivyomo, na jina nililokuwa nalitafuta limo: polietheramini. Hiyo ni sabuni ya kweli, inashika uchafu uliogandamana kwenye nozeli na kwenye vali, unaenda kuungua pamoja na petroli. Haina chuma, haina manganizi. Inaeleza pia kiasi cha kuweka, tangi lijae kiasi gani, na kwamba usiirudie kila siku.

Sikuimimina siku hiyo hiyo. Ningeiweka pamoja na plagi mpya, nisingejua kilichoponya ni kipi. Nilitembea tangi zima na plagi mpya peke yake, kisha tangi jingine na dawa. Kila mara najaza mpaka bunduki ya pampu ikate yenyewe, naandika kilomita kwenye daftari la wajukuu. Kabla ya yote gari lilikuwa linakwenda kilomita 10.9 kwa lita. Na jani la kijani, tangi la pili, 10.2. Na plagi mpya likarudi 10.9, na rozari ikabaki inacheza, ila kwa adabu. Na dawa ya Shekilango, 11.4, na rozari ikatulia. Kwenye taa za Buguruni sasa naweza kuandika ujumbe wa simu bila herufi kurukaruka, ingawa trafiki asinione.

Hiyo nusu kilomita siiapii. Wiki ile shule zilikuwa zimefungwa na foleni ilikuwa nyepesi. Nitapima tena. Na hata ikiwa kweli, pigeni hesabu: kwa safari ya kilomita 410 nimeokoa lita 1.6, ambayo kwa bei niliyojazia ya elfu tatu na kitu haifiki hata 6,000. Kwa tangi moja chupa ya 38,000 haijilipi. Anayekuuzia dawa yoyote kwa kukwambia itakuokolea hela ya mafuta, mwulize ameandika wapi. Mimi nilinunua kuondoa mtetemeko, ukaondoka, nimeridhika.

Kwa hiyo dawa ya Shekilango naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya kifuniko: kinavuja ukikigeuza, ilinimwagikia kwenye kanga, na harufu ile haitoki kwa sabuni moja. Kwa moshi sina kipimo cha kuwaambia, ila egzosi sasa haina ile harufu ya petroli mbichi iliyokuwa inaniumiza kichwa nikirudi nyuma getini.

Jani la kijani naipa nyota moja, na hiyo ni ya chupa, plastiki yake ni imara. Hesabu yake kamili: 30,000 za dukani, 64,000 za plagi nne, 20,000 za fundi.

Jumamosi nilirudi Gerezani na chupa ya tatu, na plagi moja nimeifunga kwenye karatasi. Kijana akaniamkia vizuri zaidi safari hii. Nikafungua karatasi juu ya kaunta. Akaitazama ile plagi, akasema hayo ni mafuta ya sheli, si dawa yake. Nikamwuliza dawa yake ina nini. Akaigeuza chupa, akasoma mbele, akasoma nyuma, midomo ikimchezacheza.

"Mama yangu, hawajaandika."

"Nami ndicho nilichokuja kukuuliza."

Hela hakurudisha. Alisema bosi hayupo, na bosi wa maduka yale nimegundua huwa hayupo. Ila hakutaka niondoke nimenuna, akanipa pafyumu ya gari ya kutundika. Chupa akaifuta vumbi kwa shati, akairudisha rafuni, lebo imetazama mbele. Pafyumu sasa iko kwenye kioo karibu na rozari. Ina umbo la jani, la kijani, na nayo hawajaandika kilichomo.